Brigedi ya Bangalore ilipotua Tanga

Raskazoni, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Habari za ugenini? Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza na barabara ya kwetu imeshakuwa bwawa, unaijua mwenyewe. Barua yako ilinichekesha peke yangu jikoni. Eti baba mwenye nyumba wako, mstaafu wa jeshi, alipokuuliza kwenu wapi ukamwambia Tanga, akapiga makofi na kusema "Nyuki!" Nawe ukabaki umeduwaa, mtoto wa Chumbageni mzima, mpaka ukaniandikia mimi mwalimu wa historia nikuokoe na aibu. Haya, kaa kitako nikupe. Ila nakuonya mapema kwamba mimi na hao nyuki tuna ugomvi.

Mzee wako yuko sahihi kuijua Tanga, maana askari waliokuja kuuvamia mji wetu Novemba 1914 walitokea hapo hapo ulipo, Bangalore. Brigedi ya 27 ya jeshi la India iliitwa kwa jina la mji huo, Brigedi ya Bangalore, na ilikuwa chini ya Divisheni ya 9, iliyoitwa ya Secunderabad. Muundo wake ulikuwa wa kawaida wa zama zile: batalioni nne, moja ya Waingereza na tatu za Wahindi. Tangu uasi wa 1857 Waingereza hawakupenda kuwaacha askari wa Kihindi bila wazungu wenye bunduki karibu. Mwaka 1914 batalioni ya Waingereza ilikuwa ya pili ya Loyal North Lancashire, na za Wahindi zilikuwa 63rd Palamcottah Light Infantry, 98th Infantry na 101st Grenadiers. Mkuu wao alikuwa Brigedia Jenerali Wapshare. Yashike majina hayo, hasa 98th, kwa sababu hao ndio wa nyuki.

Vita vilipoanza Agosti 1914, London iliitaka India itoe majeshi kila upande. Askari waliohesabiwa kuwa bora walipelekwa Ufaransa, wengine Basra, wengine Misri. Afrika Mashariki ya Wajerumani ilipewa kilichobaki. Na hapa pana jambo linaloniudhi kila nikisoma. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na imani yao kwamba India kuna makabila yaliyozaliwa kwa vita na mengine hayafai, na watu wa kusini, wa Madras, wakawekwa kwenye fungu la wasiofaa. Kwa hiyo kwa miaka mingi batalioni za Madras hazikupelekwa penye vita vya maana, hazikupewa silaha mpya mapema, na maofisa wenye tamaa ya vyeo walizikwepa. Mtu unamnyima mazoezi miaka yote, kisha siku akiyumba unasema si nilikwambia? Wale 63rd walikuwa wa huko kusini.

Brigedi ya Bangalore iliunganishwa na nyingine iliyokusanywa haraka kutoka majeshi ya maharaja, wakiwemo Wakashmiri na watu wa Gwalior, pamoja na Warajputi wa 13th, chini ya Brigedia Jenerali Tighe. Jumla walikuwa kama 8,000, na juu yao wote akawekwa Meja Jenerali Arthur Aitken. Lilikuwa jeshi la kuchangishana kama chakula cha msibani, kila nyumba imeleta sufuria yake. Vikosi vingi havikuwahi kufanya mazoezi pamoja, lugha zilikuwa tele, na wapo waliokabidhiwa bunduki mpya siku chache tu kabla ya kupanda meli. Bunduki za rashasha nazo ziligawiwa kwa watu ambao hawakuwa wamezizoea.

Safari yenyewe ilikuwa adhabu. Walipandishwa melini Bombay na kukaa bandarini kwenye joto wakisubiri, kwa sababu manowari ya Kijerumani Emden ilikuwa inazamisha meli katika Bahari ya Hindi na hakuna aliyethubutu kutoka bila ulinzi. Wakang'oa nanga tarehe 16 Oktoba. Watu wa bara, wengi hawajapata kuiona bahari, wakarundikwa chini huko kwenye meli za polepole, wanatapika, chakula walichopewa wengine hawakukizoea. Walipofika Mombasa mwisho wa Oktoba, mtu mwenye huruma angewashusha wanyooshe miguu wapate nguvu. Aitken hakuona haja. Kikosi cha King's African Rifles, watu wanaoijua nchi na waliokwisha kupigana na askari wa Mjerumani, kilijitolea kwenda naye, akakikataa pia. Kwake yeye askari weusi wa upande wa pili walikuwa si kitu.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ikaingia Tanga peke yake, na nahodha Caulfeild akampa Auracher, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, saa moja asalimishe mji. Kabla ya hapo palikuwa na makubaliano kwamba Tanga na Dar es Salaam zisipigwe, kwa hiyo nahodha aliona uungwana ni kuja kutangaza kwanza kuwa makubaliano yamevunjwa. Uungwana huo uliwagharimu wengine. Auracher akasema anakwenda kushauriana, akaondoka, akatuma simu. Nahodha naye akawa na hofu ya mabomu yaliyotegwa baharini. Hayakuwapo, lakini muda ulipotea kuyatafuta, na badala ya kuingia bandarini wakaamua kushukia kule kwetu, Raskazoni.

Zuhura, wewe umeogelea pale utotoni, unapajua. Mikoko, mawe yenye makali, kisha mwamba uliosimama. Waliteremshwa usiku, matishari yakakwama mbali na ufuko, watu wakashuka majini wakiwa na mizigo mgongoni na bunduki juu ya kichwa. Wagonjwa wa bahari, hawajui walipo, gizani. Na alfajiri ya tarehe 3 Tighe akawaongoza Warajputi na Pioneers wa 61st kwenda mjini bila kusubiri wenzao. Walikutana na kombania chache za askari wa Mjerumani karibu na njia ya reli, wakachapwa vibaya, wakarudi mbio hadi ufukweni. Waliokuwa bado wanashuka melini waliwapokea wenzao wenye damu, ndio ikawa salamu yao ya kwanza ya Tanga.

Wakati huo Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, alikuwa Moshi. Alipakia watu wake kwenye treni, behewa zile zile za mizigo, wakashuka na reli ya Usambara. Alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, na jambo alilofanya mwenyewe amelieleza: akachukua baiskeli na wenzake wawili, akaendesha kupita mji uliokuwa mtupu hadi bandarini. Meli za Waingereza zilikuwa zimewashwa taa zote, kelele zinasikika mpaka nchi kavu, naye akasikitika kwamba mizinga yake haijafika. Wakazunguka hadi upande wa Raskazoni, wakaziacha baiskeli karibu na hospitali, ile ya Kijerumani iliyoko leo ndani ya Bombo. Doria ya Wahindi ikawaita kwa lugha wasiyoielewa, wakapanda baiskeli zao wakaenda zao. Jeshi la watu 8,000 limelala, na adui anapita katikati yake kwa baiskeli! Nikiwasimulia wanafunzi hapa hukataa kuamini.

Aitken hakutuma wapelelezi wa maana. Tarehe 4, saa sita mchana, jua la Novemba linachoma, ndipo akaanza kuwasogeza watu mjini. Kulia, upande wa bandari, Wakashmiri. Wakifuatiwa na Waingereza wa North Lancashire, kisha 63rd, na kushoto kabisa 101st Grenadiers, huku 98th wako nyuma. Kati yao na mji palikuwa na mashamba ya mipira na mkonge, minazi, mahindi na vichaka, mtu hamwoni mwenzake hatua chache mbele. Maji waliyobeba yaliisha. Wengine walianguka kwa joto kabla risasi haijalia. Mbele yao walikuwa kama watu 1,000 tu, wengi wao askari weusi wa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Mjerumani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, wamejipanga kwenye njia ya reli na kwenye nyumba za mwisho za mji. Hao ndio wa upande wetu, ukipenda kuwaita hivyo, ingawa wakati huo walikuwa wanampigania Kaisari wa Ujerumani.

Risasi za rashasha zilipoanza, 63rd wakavunjika. Hilo halina mjadala, wengi walikimbia nyuma hadi ufukweni. Lakini tazama pembeni yao. Wakashmiri na North Lancashire walisonga hadi ndani ya mji, wakaingia forodhani, wakaiteka hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, mapigano yakawa nyumba kwa nyumba. Na wale 101st kule kushoto hawakukimbia. Waliendelea mbele wakiwa wametengana na wenzao, Lettow-Vorbeck akaona pengo, akaleta kombania zake za akiba kutoka ubavuni, na Grenadiers wakakatwa katikati na rashasha. Maofisa wao wengi, Waingereza na Wahindi, walifia pale pale. Hao nao walikuwa Brigedi ya Bangalore. Mbona mzee wako hakupiga makofi kwa ajili yao?

Sasa nyuki. Katika miti ya mashamba yale watu walikuwa wametundika mizinga ya magogo, kama wanavyofanya mpaka leo kule Handeni. Risasi zikaitoboa, nyuki wakatoka kwa hasira, wakawakuta 98th waliokuwa wanasogea mbele kusaidia. Batalioni nzima ikatawanyika. Nyuki hawakuchagua upande, na baadhi ya Wajerumani na watu wao waliumwa vilevile, lakini tayari ilishakuwa hadithi tamu. Uingereza kukaenea uvumi kwamba Mjerumani ni mjanja, alitega kamba kwenye mizinga ili ifunguke. Uongo mtupu. Ila uongo huo ulimfaa jenerali, kwa sababu kushindwa na nyuki ni bahati mbaya, lakini kushindwa kwa kukataa wapelelezi, kukataa kupumzisha watu na kuacha mizinga ya vita, ile ya milimani, ifyatuliwe kutoka juu ya meli, hilo ni kosa la mtu mwenye jina. Ndiyo maana nimesema nina ugomvi nao, maskini wadudu wa Mungu, wamebebeshwa lawama ya Aitken zaidi ya miaka 100.

Hadithi nyingine nyingi za siku ile zinatoka kwa Kapteni Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi, ambaye shajara zake ni tamu kusoma na zimejaa dharau kwa Wahindi. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba mtu huyu alikuwa mwongo wa kupindukia katika mambo mengi, hata ya ndege aliowakusanya. Ukimkuta ananukuliwa huko, msome kwa jicho moja.

Kinachoniuma zaidi ni usiku wa tarehe 4. Upande wa Wajerumani amri zilichanganyikana, na Kapteni Baumstark akawatoa watu kutoka mjini akawarudisha mpaka Kange. Ndiyo, Kange hiyo hiyo ya stendi ya mabasi. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mwenyewe. Kama Aitken angetuma hata watu wachache kuchungulia, wangeingia wakitembea. Hakutuma. Asubuhi akaamuru watu warudi melini, na vitu viachwe. North Lancashire na Wakashmiri ndio waliobaki nyuma kuwalinda wenzao wakipanda matishari tarehe 5. Lettow-Vorbeck kwa hesabu yake aliokota bunduki 455, za rashasha 16, na risasi nusu milioni, za kuwavika upya kombania tatu. Miaka minne iliyofuata jeshi lile liliwasumbua Waingereza kwa silaha walizojiletea wenyewe kutoka India.

Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wa Waingereza na Wahindi walizidi 800. Upande wa pili Wajerumani waliokufa hawakufika 20 na askari walikuwa kama 55, na mmoja wa wale wazungu alikuwa Tom von Prince, yule aliyepewa jina la Sakarani, aliyewatesa Wahehe. Kwa huyo sikutoa chozi.

Husimuliwa kwamba meli zilipofika Mombasa zimejaa majeruhi, watu wa forodha walitaka kwanza ushuru wa asilimia 5 wa mali ndipo washushwe. Sijui ucheke au ulie. Serikali ya London ilificha habari za Tanga kwa miezi. Aitken aliondolewa na kushushwa cheo hadi kanali. Wapshare, mkuu wa brigedi yenyewe, ndiye aliyepewa nafasi yake Desemba, kisha Tighe Aprili 1915.

Na brigedi? Haikupigana tena kama brigedi. Batalioni zake ziligawanywa vipande vipande kulinda reli ya Uganda, mabwawa ya maji na mpaka wote huo mrefu kutoka Vanga hadi Kilimanjaro. Januari 1915 kombania za Grenadiers na Wakashmiri ziliwekwa Jasini, pale mpakani kwenye mashamba, Lettow-Vorbeck akawazingira kwa vikosi tele. Walipigana siku mbili hadi risasi zikawaishia. Kanali Raghbir Singh wa Kashmir aliuawa hapo. Walipojisalimisha, Lettow-Vorbeck aliwarudishia maofisa wao panga zao kwa heshima. Wahindi hao hao, miezi miwili na nusu tu baada ya Tanga, ila safari hii walikuwa wamekula, wamelala, na wanamjua adui aliye mbele yao. North Lancashire walibaki, wakaonekana katika uvamizi wa Bukoba Juni 1915, mpaka malaria na homa zikawamaliza na 1916 wakapelekwa Afrika Kusini kupona.

Kuhusu 98th una jibu zuri la kumpa mzee wako. Batalioni ile haikufa. Baada ya mageuzi ya 1922 iliingizwa kwenye kikosi cha Hyderabad, na leo ndiyo batalioni ya 4 ya Kumaon. Tarehe 3 Novemba 1947, kasoro siku moja tu miaka 33 tangu nyuki wa Tanga, kombania yake moja chini ya Meja Somnath Sharma, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, ilizuia wavamizi kule Badgam karibu na uwanja wa ndege wa Srinagar. Meja alikufa hapo hapo, akawa wa kwanza kupewa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya India huru. Mzee akitaja nyuki tena, muulize kuhusu Badgam. Kama ni mwanajeshi kweli ataijua, na mtakunywa chai vizuri siku hiyo.

Sasa nami nina ombi. Hapa Tanga yapo makaburi ya vita vile, na wanafunzi wangu wameanza kuniuliza maswali magumu: mbona Waingereza wana majina na Wahindi wengi hawana, na mbona wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hawapo kabisa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote. Nataka niwape kitu cha kulinganisha. Huko kwako Brigade Road inapokutana na Residency Road kuna mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Madras. Siku ukienda kununua viatu vyako, piga picha za pande zote, karibu karibu ili maandishi yasomeke, unitumie. Nataka kuona kama Afrika Mashariki imetajwa na kama kuna majina ya askari wa kawaida au idadi tu.

Mama yako nilimwona Ijumaa, anaendelea vizuri na mguu, anasema umpigie kabla ya magharibi kwa sababu baadaye simu anaizima. Na ile dawa ya nywele ya nazi uliyonisifia, chupa mbili zinanitosha, usilete katoni.

Akupendaye,
Mwanaisha